Shajara ya mradi: jalada la jarida la televisheni, wiki nne na shilingi 107,400

Naandika kwa ajili ya wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, maana mwakani kazi hii itawaangukia wao. Sisi tulipopewa, tuliambiwa tukaangalie za waliotutangulia. Tukakuta majalada yaliyokamilika, yamenyooka, yamebanwa ukutani kwa pini. Hakuna aliyeandika alikosea wapi wala alitumia shilingi ngapi. Mimi naandika hayo mawili. Yale ambayo mtu angeyafanya bila kufundishwa nayapita mbio.

Jumatatu, 5 Mei 2025: kazi yenyewe

Tuko watano, stashahada ya uandishi wa habari, mwaka wa pili, hapa Dar es Salaam. Kundi limepewa kazi tatu zinazokwenda pamoja: trela ya tamthilia ya dakika mbili, bango lake, na jalada la jarida la kila wiki la televisheni lenye tamthilia hiyo kama habari kuu. Jalada limeniangukia mimi kwa sababu moja tu: laptopu yangu ndiyo inayowaka.

Tamthilia tumeiita Mlango wa Uani. Binti anadhaniwa kafa maji. Watu wamekaa mikekani, arobaini yake inasomwa, mara anaingia kwa mlango wa nyuma, kajitanda kanga, anauliza kama chai imebaki.

Mwalimu alituachia swali kabla hatujagusa chochote: nani atanunua jarida la televisheni leo? Nilidhani ni swali la kujaza muda, lakini ndilo lililoamua kila kitu kilichofuata. Uingereza, Radio Times ilianza Septemba 1923 ikiwa ya ratiba za redio, televisheni ikaikuta njiani. Marekani, TV Guide ilitoa toleo lake la kwanza la nchi nzima tarehe 3 Aprili 1953. Huko jarida ndilo lililokuwa ramani: usiponunua, hujui saa mbili usiku kuna nini. Kwetu mambo yalikwenda vingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu 1973, na sisi wa Bara tukasubiri vituo binafsi hadi 1994. Kisha mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo ratiba imo ndani ya king'amuzi, unabonyeza kitufe unaiona.

Kwa hiyo jalada letu haliwezi kuuza ratiba. Litauza kisa. Na nikikumbuka lile toleo la 1953, hata hao hawakuweka ratiba mbele: waliweka picha ya kichanga cha Lucille Ball, mwigizaji wa vichekesho vya televisheni, mtoto ambaye nchi nzima ilikuwa inamsubiri.

Jumatano, 7 Mei: jina

Siku nzima imeliwa na jina. Nusu ya kundi walitaka Runinga, nusu Luninga, na ugomvi wa R na L ulichukua muda mrefu kuliko mkutano wenyewe. Nikachukua rula. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiacha pembeni kidogo unabaki na kama 190, na neno la herufi saba likigawana nafasi hiyo kila herufi inapata sentimita mbili na nusu hivi. Ni ndogo. Mtu akiwa hatua nne kutoka mezani haioni.

Tukatafuta neno fupi, tukapata Kioo. Herufi nne, na moja kati yake ni I, nyembamba kama kijiti, kwa hiyo K na zile O mbili zinapata zaidi ya sentimita tano kila moja. Kioo cha televisheni, kioo cha kujitazamia, vyote vimo. Wa Runinga na wa Luninga walikubali kwa shingo upande.

Nimechora kwa penseli majalada sita kwenye daftari, nimebaki na moja: uso wa binti katikati, jina juu, habari ndogo upande wa kushoto. Michoro sita imechukua dakika arobaini na haikunigharimu kitu. Chora kabla ya kuwasha kompyuta.

Jumamosi, 10 Mei: picha, mara ya kwanza (zote zimekufa)

Tumekodi kamera kwa shilingi 25,000 ya siku, na lenzi ya milimita 50. Tumepigia Magomeni, kwa shangazi wa mmoja wetu, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu unaotokea uani. Mahali pazuri mno, ila tukaharibu wenyewe, na makosa yalikuwa matatu kwa mpigo.

La kwanza ni saa. Tulipiga saa sita mchana kwa sababu kamera ilitakiwa kurudi saa kumi. Jua la utosi linachimba mashimo meusi chini ya macho, na mwigizaji akawa amekunja uso muda wote. Binti aliyerudi kutoka kwa wafu anaonekana kama anatafuta namba ya daladala kwa mbali.

La pili, mpiga picha wetu kazoea video, basi kamera kailaza picha zote. Kichwa cha binti kinagusa ukingo wa juu. Jina la jarida likae wapi? Nilijaribu kuuongeza ukuta kwa kunakili vipande vyake kwenye GIMP, programu ya kusafishia picha, usiku kucha. Ukuta mtupu uliopakwa chokaa hausamehe. Ule ufa mdogo uliokuwa mmoja ukawa minne, yote inafanana, imepangwa mstari kama askari.

La tatu ndilo lililotumaliza. Picha nilizokuwa nazo nilitumiwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Nilipozipima, upande mrefu una pikseli 1,600. Kwa uchapaji mzuri unahesabu pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo 1,600 zinatosha sentimita 13 na nusu, na jalada lina urefu wa karibu 30. Nikampigia mpiga picha anitumie zile halisi. Kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka, memori kadi niliifuta. Si kamera ilikuwa ya watu?"

Dawa: picha zitoke kwenye kadi ziingie kwenye kompyuta kwa waya au kwa kisomea kadi, hapohapo, kabla mtu hajala. Ikibidi kutumia WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha. Na kadi isifutwe mpaka watu wawili wameziona zikifunguka.

Jumatano, 14 Mei: picha, mara ya pili

Shilingi 25,000 nyingine. Safari hii tumeanza saa kumi alasiri, uani, kwenye kivuli cha ukuta. Nimempa mpiga picha maagizo mawili: kamera isimame wima, na juu ya kichwa cha binti abakize nafasi ya kichwa kingine.

Picha za mwanzo zilitoka uso ukiwa giza. Ukuta ule mweupe unaidanganya kamera: inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na ngozi yetu inazama. Nimeongeza mwanga hatua moja kwenye kamera na kuuacha ukuta uungue kidogo, uwe mweupe tupu, maana ukuta hauna mtu anayeuangalia. Kisha jirani akatuazima kile kizuia jua cha kung'aa ambacho watu wanaweka kwenye kioo cha mbele cha gari. Kikishikwa kifuani kwa mwigizaji, nje ya picha, kinarudisha mwanga chini ya kidevu na machoni. Vifaa vya dukani vya kazi hiyo sikuvihitaji hata kidogo.

Mwigizaji kajitanda kanga ya shangazi, nyekundu na nyeupe, maua ya umbo la korosho matupu. Picha 212. Tumezinakili kwenye laptopu na kwenye flashi mbili kabla ya chipsi mayai.

Ijumaa, 16 Mei: mpangilio, na kanga iliyosema

Vipimo, kwa anayetaka kunakili. Jalada lililokatwa ni 210 kwa 297. Faili lenyewe nimelifungua 216 kwa 303, yaani milimita 3 za ziada kila upande za kuliwa na kisu. Kwa pikseli 300 kwa inchi inakuwa 2551 kwa 3579. Picha naisafisha kwenye GIMP, maneno na mpangilio nafanyia Scribus, zote za bure. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, kwa hiyo nikifungua zote mbili kwa pamoja feni inalia kama mashine ya kusaga. Nafunga moja ndipo nafungua nyingine.

Nilitaka kichwa cha binti kipite mbele ya jina la jarida, kama yanavyofanya majarida makubwa. Nikamkata kutoka kwenye ukuta, akabaki na uzi mweupe kuzunguka ushungi. Uzi huo unaondoka ukiibana ile sehemu uliyoichagua kwa pikseli 2 kwenda ndani kabla ya kukata, kisha ukalainisha ukingo kwa pikseli 1. Dakika tano. Mimi zilinichukua saa mbili kwa sababu nilianza kuufuta kwa ufutio.

Jioni nikamwonyesha mwenzetu anayehariri trela. Akaangalia, akasogea karibu, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. "Hii si arobaini?" Nikamwambia ndiyo. "Sasa mbona kanga inampongeza?"

Nikakuza. Kifuani, kwa herufi kubwa nyeusi, imeandikwa HONGERA MA, na herufi zilizobaki zimezama kwenye kunjo. Kanga ya HONGERA MAMA, ya kupelekea mzazi, tumeivalisha msibani. Watu watano, picha 212, mwenye kanga yuko palepale anatukaangia mihogo, hakuna aliyesoma.

Pesa ya kukodi kamera mara ya tatu haipo. Nikakaa kuitazama ile kanga, na yenyewe ikanipa jibu. Nilikuwa nahangaika na tatizo jingine kabisa: maneno yangu juu ya korosho hayasomeki, kila rangi niliyojaribu inamezwa. Lakini kanga ina maneno na korosho pamoja, na maneno yake husomeka na mtu anayetembea nyuma ya aliyevaa. Kwa nini? Kwa sababu aliyeichora hakulimwaga jina, yaani yale maneno yake, juu ya maua. Kuna pindo, kuna mji wa katikati, na jina limetengewa mahali pake, sehemu isiyo na ua, mstari mmoja, herufi kubwa. Nami nikachora mkanda mweupe mtupu, chini kwenye theluthi ya mwisho ya ukurasa, pale jina la kanga linapokaa. Habari kuu ikakaa humo, na HONGERA MA ikafunikwa kwa wakati mmoja. Nilijiona fundi. Furaha hiyo ilidumu siku nane.

Jumatatu, 19 Mei: maneno

Habari kuu ya kwanza niliyoandika: SIRI NZITO YA BINTI ALIYEDHANIWA KUFA MAJI YAFICHUKA. Ukiibana kwenye mkanda wa milimita 190, herufi zinakuwa ndogo kuliko bei. Nikapunguza: BINTI ALIYEKUFA MAJI ARUDI NYUMBANI. Bado.

Kosa langu lilikuwa kuangalia majalada ya nje na kutaka kuyafuata neno kwa neno. Wao wanapanga vijineno vifupi vifupi. Sisi kitenzi kimoja kinabeba sentensi nzima, nani, wakati gani na nini, basi kwa nini nisikitumie? AMERUDI. Herufi saba, mkanda umejaa, na msomaji lazima aulize nani. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Siku ya arobaini yake."

Kuna aliyependekeza KARUDI, kwamba ndivyo mtaa ungesema. Ni kweli mtaa ungesema hivyo, lakini KARUDI ni sauti ya jirani anayepeleka umbea dirishani, na AMERUDI naisikia kama chumba kilichonyamaza ghafla. Tukapiga kura, nikashinda tatu kwa mbili. Vilevile nimepiga marufuku neno "afunguka". Kila mtu maarufu mjini anafunguka kila Ijumaa. Kwenye jarida hili hakuna atakayefunguka.

Habari ndogo zilikuwa sita, nimebakiza tatu. Tarehe ni 2–8 Juni, Toleo Na. 1, bei Sh 3,000.

Alhamisi, 22 Mei: kuchapa, rangi zatoroka

Kariakoo, steshenari, nakala mbili za kujaribia kwa shilingi 1,500 kila moja.

Jina KIOO nilikuwa nimeliweka bluu kali, ile ya kompyuta kabisa: nyekundu 0, kijani 0, bluu 255. Kwenye skrini inawaka kama taa ya baa. Kwenye karatasi ikatoka zambarau. Nikamwambia kijana wa steshenari mashine yake imekwisha wino. Akanijibu kwa upole uliozidi, "Bro, wino upo. Rangi uliyoleta ndiyo haipo."

Na ni kweli. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, na mashine inazitengeneza kwa wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Bluu ya mwanga ikigeuzwa kuwa wino, inageuka samawati nyingi na majenta nyingi, na hizo mbili zikikaribiana ndiyo zambarau yenyewe. Dawa ni kuziachanisha: samawati 100, majenta 60, nyingine sifuri. Bluu ikarudi, si kali kama ya skrini, lakini ni bluu. GIMP niliyonayo, ya 2.10, inafanya kazi kwa rangi za skrini, kwa hiyo rangi za herufi na mikanda ziamuliwe kwenye Scribus, ambayo inazielewa zile wino nne na inatoa PDF yake.

Uso nao ulitoka mweusi kuliko ulivyo kwenye skrini, na mashavu yamekauka kama udongo. Kila skrini inawaka kutoka ndani, karatasi haiwaki. Badala ya kuchapa jalada zima mara sita nikitafuta mwanga sahihi, nilipanga sura sita ndogo kwenye karatasi moja, kila moja nimeiongezea mwanga kidogo kuliko mwenzake, nikaziandikia namba. Hiyo ndiyo ilikuwa nakala ya pili. Namba 4 ikashinda. Hii ndiyo mbinu pekee kwenye shajara nzima ninayojivunia, na naamini imeniokolea si chini ya shilingi 6,000.

Jumamosi, 24 Mei: mezani kwa mzee

Nakala moja safi, shilingi 1,500, nimeipeleka kituoni Magomeni Mapipa, kwa mzee mmoja anayeuza magazeti. Nilitaka nione linavyokaa kati ya mengine. Kila asubuhi hapo kuna watu wanane, kumi, wamesimama wanasoma vichwa vya habari bila kununua, mikono nyuma. Hao ndio mahakama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza ni kazi ya chuo. Akalichukua, akaligeuza, hakusema kitu, akalilaza mezani kama anavyolaza mengine: moja limelalia jingine, linaloonekana ni nusu ya juu tu, na kijiwe juu yake lisipeperuke. Yaani mkanda wangu wote, AMERUDI yangu, imeingia chini ya gazeti la michezo.

Akarudi nyuma hatua moja, akakaza macho.

"Hili la ngumi?"

"La ngumi vipi mzee?"

"Si limeandikwa KO."

Nikasimama alipokuwa amesimama yeye. Kichwa cha binti kimekaa katikati kabisa, kimeziba I na O ya kwanza. Kinachosomeka ni K, ushungi, O. Mzee akalivuta lile gazeti la michezo, AMERUDI ikatokea, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Enhe. Bondia gani huyu aliyerudi? Wa kike?"

Watu waliokuwa wanasoma bure wakageuka. Mmoja akasema anamfahamu.

Majarida makubwa yanaziba majina yao kwa sababu hata nusu ya herufi inatosha, watu wameshayazoea miaka na miaka. Gazeti la siku moja halina mazoea na mtu. Hilo nilipaswa kulijua bila kuambiwa. Sikulijua kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelitazama neno KIOO kwa wiki mbili, na jicho langu likawa linalijaza lenyewe.

Niliondoka na mambo mawili yameandikwa kiganjani: kichwa kishuke, mkanda upande.

Jumanne, 27 Mei: kushuka, kupanda, na kisu

Ukimshusha binti na ukaupandisha mkanda hadi kifuani, chini ya kidevu tu, HONGERA MA inajitokeza tena chini ya mkanda, imenyooka, inameremeta. Hapakuwa na njia nyingine ila kuifuta korosho kwa korosho kwenye GIMP. Nilijiandaa kwa balaa la ule ukuta, lakini kanga ilikubali. Maua yake yanajirudia yenyewe, kwa hiyo hata nikirudia ua moja mara tatu hakuna wa kulishtukia. Saa tatu, umeme ulikatika mara moja, nilipoteza kazi ya dakika ishirini. Ushungi sasa unagusa sehemu ndogo tu ya chini ya O ya kwanza. Neno linasomeka lote.

Steshenari, nakala mbili. Ya kwanza kijana aliichapa kwenye A4 huku mashine ikiachwa "ipime yenyewe". Ikalibana jalada lote liingie kwenye karatasi, na weupe ukabaki pande zote. Ukurasa wenye ukingo wa ziada unachapwa kwenye karatasi kubwa zaidi, A3, kwa asilimia 100, halafu unakatwa. Mwambie kabla hajabonyeza. Ya pili tukachapa kwenye A3, tukakata, na kando ya kulia ukabaki uzi mweupe wa nusu milimita. Ukingo wa ziada nilikuwa nimeuweka kwenye Scribus, lakini wakati wa kutoa PDF kuna kisanduku cha kuiambia itumie ukingo huo, na mimi sikukitia alama. Kwa hiyo kisu kilikuwa hakina nafasi ya kukosea, na kisu cha steshenari siku zote kinakosea kidogo.

La mwisho la siku: mistari ya bei, ile inayosomwa na mashine dukani. Nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye pakiti ya biskuti, nikidhani mistari ni mistari. Mwanafunzi wa kundi jingine, aliyewahi kushika mashine ya kaunta dukani, aliangalia sekunde mbili akasema, "Jarida lenu linauzwa na chai?" Namba ilianza na 620, tarakimu za bidhaa zilizosajiliwa Tanzania. Majarida huanza na 977, kisha zinafuata tarakimu za namba ya kimataifa ya jarida. Sisi hatuna namba hiyo wala hatutaisajili kwa kazi ya chuo, na kuweka ya mtu ni kudanganya. Nimeweka kisanduku cheupe cha saizi ileile, ndani nimeandika MFANO.

Ijumaa, 30 Mei: kuwasilisha

Jana nakala mbili za kujaribia, moja kwa ajili ya kisu na moja nimeipitisha tena kwa mzee wa Mapipa asubuhi hii. Alilisoma "Kioo" bila kusita, akaiona AMERUDI juu ya gazeti la michezo, akauliza ni sinema au ni kweli. Nikampa abaki nalo, kalibana kwenye kamba kwa kibanio cha nguo. Kisha nakala tatu za mwisho kwenye karatasi nzito ya kung'aa, gramu 200, na nikawasilisha saa nane mchana.

Gharama, kwa shilingi:

- Kukodi kamera na lenzi, siku mbili: 50,000
- Chakula cha kundi siku za picha: 18,000
- Nauli, pamoja na bodaboda moja ya lazima: 11,400
- Nakala za kujaribia 7: 10,500
- Nakala za mwisho 3: 7,500
- Bando: 10,000
- Jumla: 107,400

Zile picha za tarehe 10 peke yake, ukichanganya kamera, chakula na nauli, zilikula kama 38,000 na hakuna hata moja iliyotumika.

Jumatatu, 2 Juni: nyongeza

Alama bado. Mwalimu amelirudisha jalada kwa ajili ya maonyesho ya chuo likiwa na duara mbili za kalamu nyekundu. Ya kwanza iko kwenye bei: anaona imekaa kubwa kuliko tarehe, na jarida la wiki bila tarehe inayoonekana litauzwa wiki ijayo pia. Hiyo nimeirekebisha, dakika tatu. Ya pili iko bega la kushoto la binti, karibu kabisa na mkanda, ambako nilikuwa sijafika na ufutio: herufi MA, ndogo, zimepinda kufuata kunjo. Nimeziacha mpaka jioni, umeme ukirudi.